Mwalimu aliyenionyesha Yesu sasa anataka nibatizwe upya

Shikamoo mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 23. Nasomea ualimu chuo kikuu hapa Nairobi, masomo yangu ni Kiswahili na CRE, yaani elimu ya dini ya Kikristo. Nimepanga chumba Kahawa Wendani, lakini nyumbani ni Kariobangi South kwa mama yangu, ambaye anauza mitumba Gikomba. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Naanzia hapo kwa sababu mengine yote yalianzia hapo.

Sisi ni watu wa ACK, Kanisa la Anglikana la Kenya. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara nikiwa darasa la nane baada ya kukariri katekisimu nzima bila kujiuliza inasema nini. Kanisani nilikuwa nakwenda kwa sababu mama alishavaa na ananingoja mlangoni. Nyanya yangu wa Murang'a aliokoka zamani na watu wa uamsho, na tukienda kwake likizo anatuombea sana.

Tulipomzika baba nilirudi shuleni wiki iliyofuata. Mwalimu wetu wa CRE alikuwa mama wa makamo, na muhula huo tulikuwa kwenye Injili ya Luka. Tukafika kwa mjane wa Naini, yule aliyekuwa akienda kumzika mwanawe wa pekee. Walimu wengine wangeandika pointi ubaoni tunakili. Yeye aliweka chaki chini, akafunga kitabu, akauliza, "Nani ameona mahali huyu mama alipomwomba Yesu chochote?" Tukapekua Biblia zetu. Hakuna aliyepaona. Akasema, "Basi kuna watu ambao Mungu huwaona kabla hawajafungua mdomo." Hakuniangalia hata kidogo, na najua alijizuia makusudi. Nililia hadi kengele ya chakula cha mchana, na hakuna mtu aliyenisogelea, kwa maana alikuwa amewaambia wenzangu waniache.

Kuanzia hapo nikaingia CU, umoja wa wanafunzi Wakristo shuleni. Yeye ndiye alikuwa mlezi wetu. Kila Ijumaa baada ya masomo alikaa nasi, akatufundisha kusoma Biblia na kalamu mkononi, tuandike maswali pembeni mwa ukurasa badala ya kuyaogopa. Mwaka uliofuata nikaokoka. Baadaye karani wa shule aliniambia kwamba deni langu la chakula cha mchana lilikuwa likilipwa na Mwalimu. Hajawahi kulitaja mpaka leo.

Sasa Mwalimu amestaafu. Yeye na mumewe wameanzisha kanisa dogo Roysambu, ghorofa ya tatu, juu ya hadiwea. Nimekuwa nikienda huko Jumapili nyingi na kusema kweli napapenda. Desemba kutakuwa na ubatizo wa kuzamishwa kwenye bwawa la kukodi, na Mwalimu anataka niwe mmoja wao. Anasema ule wa utotoni sikuuchagua mimi. Nikishabatizwa, nisimamie huduma ya vijana. Aliniambia, "Mungu amenionyesha wewe ndiye." Jina langu tayari liko kwenye orodha iliyotumwa katika kundi la WhatsApp.

Nilipomwambia mama, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo ubatizo tuliokupa mimi na baba yako haukuwa kitu?" Kisha akaendelea kupanga nguo zake. Hatujalizungumza tena.

Lakini kuna jambo linanisumbua kuliko hilo. Siku hizi sijui kama ninachoamini ni changu au ni cha Mwalimu. Nikiomba, maneno ni yake. Nikiwaza kukataa ubatizo, uso wake unanijia kabla sijamfikiria Mungu, na nahisi kana kwamba kumkatalia yeye ni kumkana Yesu. Halafu nilipokwenda TP, mazoezi ya kufundisha, msichana wa kidato cha tatu alinifuata nje ya stafurumu akasema, "Mwalimu, nataka kuokoka niwe kama wewe." Nilifurahi. Usiku huo sikulala. Nilimwambia tutaongea, na mpaka TP inaisha sikuongea naye.

Nifanye nini?

Aliye njia panda, Kahawa Wendani

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole ya baba. Miaka imepita, lakini swali la mama yako linanionyesha kwamba msiba huo bado haujaisha pale nyumbani, na nafikiri hata wewe wakati unaandika ulilijua hilo.

Nikikuelewa, una mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La ubatizo lina tarehe, lina orodha, na lina wanawake wawili unaowapenda wanaokutazama. La pili halina tarehe: unataka kujua kama imani uliyo nayo ni yako. La kwanza linakusukuma ulijibu haraka, na ndiyo maana nataka tuanze na hili la pili.

Unauliza imani ni yako au ya Mwalimu, kama kwamba ni lazima mmoja wenu akose. Lakini nionyeshe Mkristo ambaye imani ilimfikia bila kupitia kinywa cha mtu. Paulo alipomwandikia Timotheo, alimkumbusha kwamba imani ile ilikaa kwanza katika nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Hakumwambia kijana aone haya kwa hilo. Na maneno ya Mwalimu yakikujia unapoomba, kumbuka kwamba hata wanafunzi wa Yesu walimwendea wakasema, Bwana, tufundishe sisi kusali. Iko katika Luka 11, injili ileile uliyosomeshwa. Kwa hiyo mimi nakuuliza hivi: kuna jambo lolote umewahi kumwambia Mungu ambalo Mwalimu halijui? Hasira juu ya kifo cha baba, kwa mfano, au hofu uliyonayo juu ya Roysambu? Kama lipo, basi kuna chumba katika imani yako ambacho Mwalimu hajawahi kuingia. Kama halipo, hujapotea. Hapo ndipo pa kuanzia.

Soma tena habari za yule mwanamke Msamaria kisimani, Yohana 4. Watu wa mji wake waliamini kwa sababu ya maneno yake. Yesu akakaa kwao siku mbili, na mwishoni wakamwambia yule mwanamke kwamba sasa hawaamini kwa sababu ya maneno yake tu, maana wamesikia wenyewe. Hawakumkana. Yohana hasemi popote kwamba yeye alikasirika. Huenda wewe uko katika zile siku mbili, na mtu aliye katikati ya siku hizo ni lazima achanganyikiwe kidogo.

Jambo jingine nililoona: nyanya yako umempa mstari mmoja. Anawaombea sana, basi, ukaendelea na habari nyingine. Wakati Mwalimu anaweka chaki chini, kulikuwa na mwanamke Murang'a aliyekuwa amekutaja kwa jina mbele za Mungu tangu hujaanza kutembea, na mama aliyesimama mlangoni Jumapili baada ya Jumapili. Sisemi hili ili kumpunguzia Mwalimu heshima. Alichofanya siku ile darasani ni kitu adimu: alimwona mtoto aliyefiwa na akamlinda asionwe na wengine. Nasema tu kwamba huenda hadithi yako ya imani ina watu wengi kuliko unavyoisimulia, na ukiisimulia ikiwa na mtu mmoja, lazima mtu huyo akuzidi ukubwa.

Wewe ni mwalimu mtarajiwa, kwa hiyo acha nikukumbushe mwalimu mmoja wa hapa kwetu. Edward Carey Francis alikuwa mwanahisabati wa Cambridge aliyekuja shule ya Maseno mwaka 1928, akawa mkuu wa shule ya Alliance kule Kikuyu kuanzia 1940 hadi 1962. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida Pumwani, si mbali na meza ya mama yako Gikomba, na aliendelea kufundisha hadi mauti yalipomkuta mwaka 1966. Wazee waliopita mikononi mwake bado wanamsimulia, ukali wake na sala zake. Lakini angalia walikofika. Wako walioshika imani ile hadi uzeeni. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955 na akawa Mkristo mwenye bidii pale shuleni, baadaye aliacha jina la James na akatamka hadharani kwamba yeye si Mkristo. Mwalimu ni yuleyule, maombi ya asubuhi ni yaleyale. Ndiyo maana nasitasita mtu anaponiambia kwamba imani yake ni ya mwalimu wake. Wasichana wangapi walikaa nawe siku ya mjane wa Naini, wakafunga Biblia, wakaenda kula? Kuna kitu ndani yako kilichoitika, na hicho Mwalimu hakukutengenezea.

Sasa uso wake unaokujia kabla ya Mungu. Hilo sitalipita haraka, kwa sababu ndilo lililonifanya nichague barua yako. Nahisi umechanganya shukrani na utii. Deni la chakula alilolipa kimya kimya halijawahi kudaiwa. Wewe ndiye unayejidai, na unataka kulilipa kwa kuingia majini. Kama ungeingia kwa sababu hiyo, ungekuwa umempa Mwalimu kitu ambacho hata yeye, nikimsoma vizuri kutoka kwa barua yako, hangekitaka. Huko Korintho watu walikuwa wakisema mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, na Paulo akamshukuru Mungu kwamba aliwabatiza wachache tu kati yao, wasije wakasema walibatizwa kwa jina lake. Aliongeza: "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu."

Na neno lile, "Mungu amenionyesha wewe ndiye". Mwanangu, ni neno zito kuambiwa na mtu unayempenda, kwa sababu halikuachii nafasi ya kusema hapana bila kuonekana unambishia Mungu. Huenda Mwalimu alisema kwa moyo safi kabisa. Watu wa makanisa yetu huongea hivyo kila siku. Lakini Paulo huyohuyo aliwaandikia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akasema wajaribu mambo yote, walishike lililo jema. Unaruhusiwa kulipima. Mtu aliyekufundisha kuandika maswali pembeni mwa ukurasa amekupa tayari ruhusa ya kuliandika na hili.

Juu ya mama yako: usiseme tu kwamba amekasirika kwa sababu ya dhehebu. Tangu yale ya Shakahola mwaka 2023, wafuasi zaidi ya 400 wa mhubiri mmoja walipokutwa wamezikwa katika msitu ule wa Kilifi, mzazi akisikia mtoto wake ameitwa kwenye kanisa jipya lisilojulikana moyo unamruka. Kanisa la Mwalimu si hilo, na lingekuwa kosa kubwa kuwalinganisha. Hata hivyo mama hajapanda ngazi hizo za hadiwea kuona. Hajui kunahubiriwa nini. Halafu kuna baba. Siku ile ya ubatizo wako alikuwepo, pengine ndiye aliyekubeba. Huenda mama anasikia kwamba siku moja kati ya zile chache alizobaki nazo inafutwa. Umemuuliza ilikuwaje? Nani walikuwa wazazi wako wa ubatizo, uliimbwa wimbo gani, baba alisema nini? Muulize hata kama hutabadilisha msimamo wako wowote.

Kuhusu ubatizo wenyewe nitakuwa mkweli: mimi sitakuamulia, na Wakristo wa karne nyingi hawajakubaliana. Kanisa lako la Anglikana, pamoja na Wakatoliki, Wapresbiteri na Wamethodisti, hubatiza watoto wachanga na hawarudii, wakishika lile neno la Waefeso: Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja. Wanataja pia Lidia aliyebatizwa pamoja na nyumba yake. Wabaptisti, Waadventista na makanisa mengi ya Kipentekoste wanasema mtu huamini kwanza ndipo abatizwe, na kwa macho yao wewe hungekuwa unarudia, ungekuwa unabatizwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Mwalimu hajazusha kitu kutoka hewani, wala mama yako hashikilii desturi tupu. Ni swali la kweli, na wewe mwenye CRE kama somo lako una uwezo wa kulisoma pande zote mbili ukiwa umetulia.

Unaweza kubatizwa Desemba. Kama ukisoma na kuomba ukafika kwamba ndivyo unavyoamini, utaingia kwa furaha na hakuna wa kukulaumu. Hatari yake ni mbili: kwamba utaingia kwa kusukumwa na orodha, kisha uje kuibeba siku hiyo kwa uchungu, na kwamba utakuwa umehama kanisa la mama bila kukusudia, kwa sababu huko ACK wataona umeukana ubatizo wao. Uongozi wa vijana nao ni kazi nyingine kabisa. Sioni kwa nini vyote viwili viende pamoja, na hilo unaweza kumuuliza Mwalimu.

Unaweza pia kubaki ulipo. Wengi hudhani kubaki ni uoga, lakini muulize nyanya yako. Uamsho uliomwokoa ulichomoza Uganda na Rwanda. Simeoni Nsibambi wa Kampala na daktari Mwingereza Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 moto ulishavuka hadi Kenya. Watu hao walikutana katikati ya juma, wakaungama dhambi mbele ya wenzao, wakashuhudia masokoni, na ifikapo Jumapili wengi wao walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya Anglikana na Presbiteri. Mtu anaweza kuwaka na asihame. Unaweza kumwona kasisi wa parokia yenu akueleze habari za kurudia nadhiri za ubatizo mbele ya kanisa, safari hii ukijua unachosema. Hatari ya njia hii ni kwamba huenda ukabaki kwa ajili ya mama kama vile ungeondoka kwa ajili ya Mwalimu, na baada ya miaka michache unarudi kwenda kanisani kwa sababu kuna mtu anakungoja mlangoni.

Au unaweza kuomba muda. Ubatizo wa Desemba hii hautakuwa wa mwisho. Wapo watakaosema unasitasita, na huenda wiki chache kundi la WhatsApp likawa baridi kwako. Hilo linauma, na sitaki kulipunguza. Ila lingekufunza kitu juu ya mahali hapo: kanisa linamtendeaje mtu anayesema bado?

Ukienda kwa Mwalimu, usiende Jumapili baada ya ibada watu wakiwa wamewazunguka. Nenda siku ya juma, nyumbani kwake. Mwambie kwanza yale uliyoniambia mimi, ya chaki na ya deni la chakula. Nina hakika hajui kwamba unayajua. Kisha mwambie waziwazi kwamba unapowaza kusema hapana unaona uso wake, na unataka kuweza kusema ndiyo au hapana kwa Mungu bila uso huo. Unadhani ataumia. Labda. Lakini huyu ni mtu aliyejizuia kukutazama mbele ya darasa zima ili usiaibike. Mimi nadhani anaweza kulisikia hili.

Na yule msichana wa kidato cha tatu usimwache hivyo. Umemaliza TP, kwa hiyo usimfuate kisirisiri kwa simu. Zungumza na mlezi wa CU wa shule ile, na mzazi wake ajue. Katiba yetu, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake, na mtoto wa shule mbele ya mwalimu anayempenda ndiye anayehitaji uhuru huo kuliko wote. Ukipata nafasi ya kumjibu, muulize "kama wewe" alimaanisha nini. Huenda alimaanisha utulivu wako, au namna ulivyomsikiliza. Huenda naye amefiwa. Msomee Luka 7, mwache aulize, na usimwekee tarehe.

Uamuzi wako, uwe upi, mama asiusikie kutoka kwa jirani wa Kariobangi wala kuuona kwenye picha za WhatsApp. Mwambie wewe mwenyewe, na ikiwezekana kabla hujamwambia Mwalimu.